Mbwa ya kare akizeeka, tusimuache nyuma

Kila kare ya almasi ao ya zahabu iko na siku yake ya mwisho. Changarawe inaisha, maji inajaa mu shimo, PDG anakosa pesa ya mazuti, ao habari inafika kwamba upande wa Bafwasende watu wamefungua pahali papya. Mu siku mbili tatu, kambi inabomolewa. Watu wanabeba motopompe, bashi, masufuria, godoro. Kinachobakia ni mashimo, na mara mingi, mbwa. Ule kijana mwenye nguvu atafuata piki-piki mbio mpaka achoke, kisha atapata bwana mwingine mbele. Ule muzee, mwenye miguu ya nyuma isiyosimama tena, atabakia kulala pale kwenye jivu ya moto ya jana.

Juu ya ule muzee njo tunaandika leo.

Wachimbaji wote wa Tshopo, wakuwe wa Banalia, wa Opala ao wa Ubundu, wanajua kazi ya mbwa mu kambi. Usiku anajua hatua ya mwenyeji na hatua ya mwizi. Anafukuza panya kwenye mchele. Anaua nyoka mbele mama wa restora hajamkanyaga. Anaenda porini na mwenye kutega na kurudi na nyama wakati mfuko uko bure. Hana sehemu yake wakati watu wanagawa changarawe. Mshahara wake ni mifupa, ganda la lituma na maji ya sombe. Wazee walisema fadhila ya punda ni mateke. Ya mbwa haiko vile, na kila mtu aliyelala mu kambi anaijua.

Na mbwa ya pori yetu haiko mgeni, haikuletwa na mzungu. Ni wazungu njo walikuja kumtafuta hapa. Ule mdogo wa masikio ya kusimama na mkia wa kukunja, ambaye habweki sawa wengine, na ambaye wawindaji wanamfunga kengele ya mti kwa shingo ili wajue iko wapi, leo dunia nzima inamuita basenji. Mwaka 1936 mama mmoja Mwingereza, Olivia Burn, alipeleka wamoja kwao kutoka Kongo, na mwaka 1937 wakaonyeshwa London kwenye maonyesho kubwa ya mbwa, yenye kuitwa Crufts. Watu walijaa kuwaangalia. Leo basenji analala juu ya kiti cha mtu ku Marekani, na wakati wa kufa wake munganga anaitwa. Ndugu yake wa damu analala kando ya RN4, na wakati wa kufa wake watoto wanamtupia mawe.

Tunajua mwenye kusoma atasema nini. «Batu benyewe banakufa na malaria juu ya kukosa franka ya dawa, na nyinyi munatuletea mambo ya imbwa?» Neno hilo ni la haki. Uhai wa mtu unapita mbele, hatuna mabishano hapo. Lakini kile tunaomba hakiondoe hata kidonge kimoja kwa mgonjwa wa nyumba. Na tena, mbwa mwenye kuachwa hapotei. Njaa inamrudisha kijijini, ugonjwa pia, na anayekutana naye wa kwanza ni mtoto mwenye kwenda kuchota maji.

Shirika la Afya Duniani linahesabu karibu watu 59.000 wanaokufa kila mwaka na ugonjwa wa rabies, ile tunaita kichaa cha mbwa. Kwa watu 100 walioambukizwa, 99 waliipata kwa mbwa. Kwa 10, wane ni watoto wasiofikisha miaka 15. Kwa hiyo, kumtunza mbwa yako mpaka mwisho ni kulinda pia watoto wa wengine.

Basi, tufanye nini wakati mbwa anazeeka? Jambo la kwanza ni kukubali kuona. Mbwa haleti malalamiko. Anaficha maumivu, sawa mchimbaji mwenye mgongo ulioharibika ambaye bado anashuka mu shimo juu asiondolewe kwenye ekipe. Angalia kama anakataa kichwa cha samaki, chakula alichokipenda zaidi. Angalia kama anaweza kusimama mwenyewe kwenda kukojoa, ao analala mu mkojo wake. Angalia kama anapumua kwa nguvu hata akiwa amelala, kama anajificha nyuma ya nyumba, kama mkia unatikisika bado wakati unaita jina lake. Kila jioni, fanya alama ya makala kwa ukuta: upande mmoja siku nzuri, upande mwingine siku mbaya. Wakati mbaya zinapita nzuri juma moja, kisha juma la pili, ukuta umekwisha kukuambia. Sio wewe uliyemuchoka. Ni yeye amechoka.

Jambo la pili: usimpe dawa yako. Mu kambi zetu kila mtu anatembea na diclofenac, ibuprofen ao paracetamol mu mfuko juu ya mgongo na viungo. Kwa roho nzuri, mtu anavunja kidonge na kukitia mu chakula ya mbwa. Mwili wa mbwa hauvumilii zile dawa. Ibuprofen na diclofenac zinaweza kumtoboa tumbo na kuua figo yake, paracetamol inaweza kumharibia maini na damu. Ulitaka kupunguza maumivu, kumbe umeyaongeza.

Jambo la tatu ni kumuita munganga wa nyama wakati bado kuko muda, sio siku ya mwisho. Mwenye kukaa Makiso, Mangobo ao Kabondo aulize kwenye ofisi ya ufugaji. Mwenye kukaa porini apeleke habari kwa teritware. Munganga anaweza kumlaza mbwa kwa sindano: dawa ya usingizi kwa kipimo kikubwa, mbwa analala kabisa, kisha moyo unasimama mu dakika chache. Hasikie kitu. Kama mumekubali hiyo njia, yule aliyemlisha miaka yote awe karibu, amshike kichwa, amuite jina. Mbwa hajui sindano ni nini, lakini sauti yako anaijua.

Na pale munganga haiko, na pande nyingi za Tshopo haiko, kunabakia kazi ya mikono. Mtafutie pahali pakavu, kwenye kivuli, juu ya gunia mbili tatu. Mgeuze upande asubuhi, mchana na jioni, juu asipate vidonda. Mpe maji kidogo kidogo. Osha pahali nzi wanatua. Supu ya samaki bila pilipili na bila chumvi mingi ataipokea siku ambayo hapokei kingine. Hii yote haiombi pesa. Inaomba mtu mmoja mwenye kukubali.

Kile tunakataa ni sumu. Watu wanapaka dawa ya wadudu kwa nyama na kumtupia mbwa muzee, ati ni kumsaidia. Haiko msaada: anakufa na mitetemo na mapovu. Kisha ile nyama inaokotwa na kuku, na nguruwe ya jirani, na mtoto. Wala asiuzishwe kwa mwenye kumtia mu sufuria. Kumchuna mbwa mwenye rabies kunaweza kuambukiza yule mwenye kisu.

Na hapa tuseme wazi: uzee ni kitu kimoja, rabies ni kingine. Uzee unakuja polepole, miezi na miezi. Rabies inageuza mbwa mu siku chache. Mpole anakuwa mkali, mkali anakuwa mpole sana, sauti inabadilika, mate inatoka, hawezi kumeza, miguu inalegea. Wengi wanafikiri ni mfupa umemkwama, wanaingiza vidole mu kinywa ili wautoe. Usiingize vidole! Fungia mlango, ondoa watoto, ita wakubwa na munganga. Akikuuma ao mate yake ikigusa kidonda, osha na sabuni na maji mingi dakika 15 nzima, kisha enda kutafuta chanjo siku ile ile, hata kama kidonda ni kidogo sawa mkwaruzo. Dalili zikisha kuonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Chanjo ya mbwa kila mwaka njo inafunga huo mlango, na tarehe 28 Septemba, siku ya dunia ya kupiganisha rabies, ni wakati mzuri wa kuwakumbusha wakubwa wetu.

Kunabakia watoto. Mu parsele mingi, baba anaondoa mbwa wakati watoto wako masomoni, na jioni anasema «amekimbia». Mtoto anamtafuta juma nzima, anamuita kwenye kila njia. Ni afadhali kumwambia kweli mbele ya siku: «Simba amezeeka, atakufa, hatapona». Mumuachie wakati wa kumpa chakula ya mwisho na kumshika mgongo. Mtoto aliyefundishwa kuaga mbwa siku moja atajua pia kuaga babu yake. Na kuzika, sisi wachimbaji hatuna wa kutufundisha: shimo lifike kiuno, mbali na chemchemi na kisima, udongo ukanyagwe vizuri juu wengine wasifukue.

Wengine watacheka kwamba mwanaume wa Boyoma hawezi kukaa chini kushika nyama yenye kufa. Tuwakumbushe habari ya Ndakasi. Ni sokwe mkubwa wa Virunga, aliyeokolewa mwaka 2007 akiwa mtoto wa miezi miwili, ameshikilia mwili wa mama yake aliyepigwa risasi. Aliishi miaka 14, mingi yake kwenye kituo cha Senkwekwe. Septemba 2021, kisha ugonjwa mrefu, alikufa juu ya kifua cha mlinzi wake, André Bauma. Bauma ni Mkongomani sawa sisi, mwanaume wa kazi ngumu mu eneo la vita. Picha yake ilizunguka dunia, na hakuna aliyesema amepungukiwa uanaume.

Kule Tanzania, shirika la APOPO lililea panya jina lake Magawa, mwenye kunusa mabomu yaliyozikwa mu udongo. Alifanya kazi Kambodia, akapata zaidi ya mabomu 100. Mwaka 2020 alipewa medali ya zahabu, mwaka 2021 akapewa pumziko, Januari 2022 akafa kwa uzee. Panya mzima alipata pansheni! Mbwa aliyelinda kambi miaka nane hata gunia ya kulalia haombi.

Kwa hiyo tunapeleka ombi tatu. Kwa maPDG na makoperative: mbwa akiingia mu kambi, jina la mwenye naye liandikwe, na kambi ikifungwa, yule aulizwe mbwa iko wapi mbele ya kupanda piki-piki. Kwa serikali ya jimbo: munganga wa nyama afike kwenye machimbo pamoja na chanjo, hata mara moja kwa mwaka, sawa vile mwenye kukusanya kodi anajua njia ya kufika. Na kwako, ndugu mchimbaji, na kwako, mama wa parsele: kama mbwa yako amezeeka, usingoje kambi ifungwe ndipo ufikiri. Leo jioni, muangalie vizuri, na uanze zile alama za makala.