Kocha Akihama Ni Riziki, Kijana Akihama Ni Msaliti?

Wasee, kama mnafuata futiboli ya vyuo vya Marekani mnajua hii miezi bila mechi. Ni tetesi tu: nani ameingia potali ya uhamisho, nani ameahidiwa ngapi. Halafu mafans wanaanza: huyu kijana ni msaliti, anapenda doo kuliko timu.

Amemsaliti nani?

Hadi Julai 2021 mchezaji hakuruhusiwa kula hata senti kwa jina lake mwenyewe. Alilipiwa masomo, sawa, lakini kuna viwanja vya watu zaidi ya 100,000 vilivyokuwa vinajaa kumwona yeye. Vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja kulianza juzi tu, 2025, na ni baada ya kuburutwa kortini.

Sasa cheki makocha. Novemba 2023, Texas A&M walimfuta Jimbo Fisher, na mkataba ukawabana wamlipe zaidi ya dola milioni 75. Kwa kutofanya kazi! Novemba 2025, Lane Kiffin akaacha Ole Miss akaenda LSU, na vijana wake walikuwa bado na mechi za kutafuta ubingwa.

Goti la mchezaji likiisha Oktoba, Januari chuo kinatafuta mwingine. Hakuna anayeita hiyo usaliti.

Kwa hivyo tabirini, bishaneni nani ataanza. Lakini kijana wa miaka 20 akienda penye jasho lake linalipwa, mwacheni aende. Uaminifu udaiwe kwanza kwa wenye mamilioni.