Dhahabu, Fedha na Oksijeni: Funzo la Kompyuta kwa Nchi ya Madini

Na Mwandishi Wetu

Dhahabu inathaminiwa kwa sababu haishiki kutu: oksijeni ya hewani haipati pa kujishikiza juu yake. Kwa sababu hiyo hiyo, wanakemia waliiona kwa muda mrefu kuwa haifai kuwa kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kikemia pasipo chenyewe kutumika.

Mtazamo huo ulibadilika mwaka 1987, Masatake Haruta wa Japani na wenzake walipoonesha kuwa chembe ndogo mno za dhahabu, zikiwekwa juu ya oksidi za metali, hugeuza kaboni monoksidi kuwa kaboni dioksidi hata chini ya nyuzi 0 za Selsiasi. Kaboni monoksidi ndiyo gesi inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani.

Mwaka 2010, watafiti wa Ujerumani na Marekani waliripoti kuwa dhahabu yenye vitundu vidogo, inayopatikana kwa kuondoa madini ya fedha katika mchanganyiko wa metali hizo mbili, huunganisha methanoli na kupata methili fomati katika joto lisilofika nyuzi 80. Siri ilikuwa katika fedha kidogo iliyosalia. Ilipozidi, methanoli iliungua na kuwa kaboni dioksidi.

Hapo ndipo kompyuta inapoingia. Kwa nadharia iliyompatia Walter Kohn Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1998, watafiti hukokotoa mwenendo wa elektroni na kupima nishati inayohitajika kuitenganisha molekuli ya oksijeni kuwa atomi mbili. Hesabu hizo zinaonesha kuwa juu ya dhahabu tupu kizuizi ni kikubwa, bali atomi za fedha huishika oksijeni kwa nguvu zaidi na kukipunguza. Hata hivyo, hesabu haiondoi haja ya maabara, kwa kuwa oksijeni ni miongoni mwa molekuli zinazoisumbua nadharia hiyo.

Kwa Tanzania, iliyozindua kiwanda cha kusafisha dhahabu jijini Mwanza mwaka 2021, funzo liko wazi. Kusafisha ni hatua ya kwanza tu ya kuongeza thamani. Hatua zinazofuata zinategemea maarifa. Utafiti wa aina hii hauhitaji hata gramu moja ya dhahabu ili kuanza, bali kompyuta zenye uwezo, umeme wa uhakika na wataalamu wa kemia na fizikia. Nchi itakayowaandaa mapema haitabaki kuwa muuzaji wa metali pekee.