Chimbuko la Binadamu Si Hadithi ya Mbali

Mwanafunzi wa Kisii au Nyamira anapofundishwa chimbuko la binadamu, mara nyingi hukariri majina na tarakimu za kujibia mtihani, kisha akayasahau. Akiulizwa nyumbani alichojifunza, husema tu kwamba vitabu vinadai tulizaliwa na nyani. Huo ni upotofu, na hauna budi kusahihishwa.

Hakuna mtaalamu asemaye kwamba binadamu alizaliwa na sokwe tunayemwona leo. Wasemacho ni kuwa sokwe na binadamu ni matawi mawili ya shina moja, yaliyoachana yapata miaka milioni 6 au 7 iliyopita. Binadamu wa umbo letu alitokea baadaye sana, katika bara hili hili la Afrika. Mabaki ya Jebel Irhoud, Moroko, yana umri wa miaka 300,000 hivi, na yale ya Omo Kibish, Ethiopia, miaka 230,000 hivi.

Na kabla yake? Ushahidi u mlangoni petu, katika Kaunti jirani ya Homa Bay. Mwaka 2023 watafiti walitangaza kwamba huko Nyayanga wamepata zana za mawe zenye umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3, pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa. Kanjera Kusini, karibu na hapo, kuna zana za miaka milioni 2. Baadhi ya mawe yaliyotumiwa Kanjera hayapatikani mahali hapo: zamadamu waliyabeba kutoka mashariki, mwendo wa kilomita 10 au zaidi. Miongoni mwayo mna kwatsaiti, jiwe gumu lisilopoteza makali upesi, la jamii ile ile ya miamba iliyojenga nyanda za juu za Kisii. Zamadamu hao walijua kuchagua, nao walikumbuka jiwe jema hutoka wapi.

Wapo watakaouliza: je, tumtupe Mogusii, na safari ya kutoka Misri waisimuliayo wazee? La hasha. Masimulizi hayo hueleza jinsi Abagusii walivyopata kuwa jamii moja, jambo la juzi tu likilinganishwa na umri wa zana hizo. Mwalimu akitenganisha maswali hayo mawili, mwanafunzi hatalazimika kuchagua kati ya darasa na babu yake.

Basi walimu na wawafikishe wanafunzi Homa Bay, au angaa wawashikishe jiwe la kilima chao wakiwaeleza habari hizi. Kijana aliyeelewa kwamba Mgusii, Mjaluo, Mkipsigis na Mmaasai ni vitukuu vya shina moja hatadanganyika kwa urahisi na mwanasiasa amwambiaye kwamba jirani yake ni kiumbe wa namna nyingine.