USALAMA WA MJI SI RUNGU

Ndugu Wafanya Kazi,

Kila tunapodai usalama katika miji yetu ya Nyeri, Karatina na Nanyuki, jibu ni lile lile: askari wataongezwa, wachuuzi wataondolewa. Twauliza: usalama wa nani?

Wazee wetu wanayajua maneno haya. Mwaka 1954 wakoloni waliwaondoa watu wa Nyeri majumbani mwao, wakawafungia katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na miti iliyochongwa. Wakaambiwa ni kwa usalama wao. Njaa na maradhi vikawaua humo humo. Kile kilikuwa kifungo.

Sasa tazameni reli. Ilifika Nanyuki mwaka 1930. Treni ya abiria ilikoma kwa miaka mingi, ikarudi mwaka 2020. Sisi tulifurahi, maana treni ni mkate wetu. Lakini katika miaka ile ya kimya watu hawakuacha kula. Akina mama wa Karatina walitandika karoti na kabeji zao kando ya njia ya reli. Treni iliporudi, wakaambiwa: ondokeni!

Hatusemi mtu auze viazi relini. Sisi twajua kuliko wote kwamba treni haisimamishwi kama baiskeli. Lakini kumfukuza mtu bila kumwonyesha pa kwenda ni kuhamisha hatari tu. Atakwenda kuuza kando ya barabara, agongwe na lori.

Usalama tunaoutaka ni huu:

1. Taa katika vijia vya Majengo na Witemere, si mbele ya benki tu. Mwenye zamu ya usiku naye ana watoto wanaomngoja.

2. Vivuko vya reli vyenye lango na mlinzi, na njia za miguu.

3. Soko lenye nafasi, maji na choo, kabla ya kubomoa kibanda hata kimoja.

Watasema fedha hakuna. Mbona za tingatinga hupatikana?

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makazi bora na usafi. Sheria ya miji ya 2011 inawapa wakazi haki ya kupeleka maoni na malalamiko yao. Basi mkutano wa wakazi ukiitwa, twendeni sote, pamoja na akina mama wa sokoni. Haki haimfuati mtu aliyelala.

Umoja ni nguvu!