Cheo na Nyumba

Si aibu mtu kutamani cheo, kwani riziki hutafutwa kwa jitihada. Lakini baba aondokaye alfajiri na kurejea watoto wamekwisha lala, mwaka baada ya mwaka, hata mwanawe akamstahi kama mgeni, huyo amekilipia cheo chake thamani ambayo hakuna kiinua mgongo kitakachoirudisha. Wala lawama si yake peke yake: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, ilimjaalia mama siku 84 za likizo ya uzazi na baba siku 3 tu, ilhali ya Kenya, ya mwaka 2007, ilimpa baba majuma 2. Twawasihi waheshimiwa wabunge wazidishe siku hizo, na waajiri wasimhesabie mzazi taksiri kwa kuwahi nyumbani.