Cha Juu cha Siri: Dada Uliyekopa Gari Uingereza, Dai Haki Yako



Leo siandiki kuhusu lesi wala mitandio. Naandika kuhusu magari, na naomba mvumilie mpaka mwisho, hata nyinyi mabibi harusi, kwa sababu jambo lenyewe linatugusa sote.

Baadhi ya wateja wangu wako Uingereza. Wananitumia vipimo kwa simu, nawashonea, nguo inasafiri na mtu. Tangu ianze habari ya fidia za mikopo ya magari huko, nasikia kwao maneno mawili. La kwanza: "Mkopo wenyewe ulikuwa wa riba, naona haya kudai." La pili: "Kuna watu wamenipigia simu, wanasema watanidaia wao." Yote mawili siyakubali, na nitasema kwa nini.

Kwanza tuelewe kilichotokea. Uingereza watu wengi hawanunui gari kwa pesa taslimu. Unakwenda kwa muuzaji, unachagua gari, na muuzaji huyo huyo anakutafutia kampuni ya kukukopesha, unalipa kila mwezi. Kampuni ile inampa muuzaji kamisheni kwa kuwaletea mteja. Kufikia hapo hakuna ajabu. Tatizo ni kuwa katika mikataba mingi muuzaji aliachiwa apange mwenyewe kiwango cha riba, na kila akikipandisha, kamisheni yake inakuwa kubwa zaidi. Tuseme kampuni ilikuwa tayari kukukopesha kwa asilimia 5, yeye akakuandikia 9. Kilichozidi hapo ndicho sisi tunachokiita cha juu, na yeye ana fungu lake ndani. Wewe umekaa mbele yake unadhani anakutafutia nafuu.

Mamlaka inayosimamia biashara ya fedha huko, FCA, ilipiga marufuku mtindo huo tarehe 28 Januari 2021. Lakini waliosaini kabla ya hapo walikuwa wameshalipa, au waliendelea kulipa.

Mimi ni fundi cherehani, na jambo hili nalielewa kwa kazi yangu. Fundi akimpeleka bibi harusi kwenye duka la vitambaa, mwenye duka mara nyingine humpa fundi chochote. Hilo halina siri kwetu, na kama bei ni ile ile ya kila mteja, sioni ubaya. Lakini fundi akimnong'oneza mwenye duka, "Mpandishie huyu, tugawane," hiyo si kamisheni tena. Hiyo ni dhulma. Na bibi harusi wa watu amekuja na fundi kwa sababu amemwamini.

Mahakama ya Juu ya Uingereza nayo ilipita karibu na hapo hapo katika hukumu yake ya tarehe 1 Agosti 2025. Walikuwepo wadai watatu. Mahakama ilisema muuzaji wa gari ni mfanyabiashara anayejitafutia faida yake, si mwakilishi wa mteja, na kulipwa kamisheni peke yake si kosa. Wawili walishindwa. Wa tatu, Marcus Johnson, aliyenunua Suzuki mwaka 2017, alishinda. Kamisheni kwenye mkopo wake ilikuwa pauni 1,650.95, kama robo ya pesa alizokopa, na asilimia 55 ya gharama yote ya mkopo. Juu ya hayo, karatasi zilimfanya aone kama muuzaji anamchagulia baina ya wakopeshaji wengi, kumbe alikuwa na mkataba wa kumpa mkopeshaji mmoja nafasi ya kwanza. Mahakama ikaona uhusiano ule haukuwa wa haki, kwa mujibu wa sheria ya mikopo ya mwaka 1974, na ikaamuru alipwe kamisheni ile pamoja na nyongeza.

Watu watasema, "Lakini si alisaini mwenyewe?" Ndiyo, alisaini, na karatasi zile hakuzisoma. Pamoja na hayo alishinda. Saini ya mtu aliyefichwa jambo si sawa na ridhaa yake.

Sasa nije kwa dada anayeona haya kwa sababu ya riba. Mimi si sheikh na sitoi fatwa. Riba tunajua ilivyo katika dini yetu, na aliyeingia humo ana mambo yake na Mola wake, arejee na aombe msamaha. Lakini kufichwa na kupandishiwa bei ni jambo la pili, na hilo ni baina yako na aliyekufanyia. Mtu akipita njia isiyofaa akaibiwa, mwizi hapati haki ya kubaki na mali kwa sababu njia haikuwa nzuri. Mtume (SAW) alipita sokoni, akatia mkono wake ndani ya chungu ya nafaka, akakuta chini ni majimaji na juu ni kavu. Hakumwambia mnunuzi angeangalia vizuri. Alimkemea muuzaji aliyeficha.

Liko suala moja la kuuliza wenye elimu. Oktoba 2025 FCA ilipendekeza kuwa juu ya fidia mtu aongezewe riba ya kila mwaka, inayohesabiwa kwa kiwango cha Benki Kuu ya Uingereza na asilimia 1 juu yake. Wako masheikh wanaosema pesa ya namna hiyo usiitumie, uitoe kwa wahitaji bila ya kutarajia thawabu. Muulize sheikh wako. Lakini usiiache haki yako yote kwa sababu ya nyongeza ile. Ukiiacha, anayefaidika ni yule yule aliyekuficha.

Nije kwa hao wanaopiga simu. Oktoba 2025 FCA ilitoa pendekezo la mpango wa fidia kwa mikataba iliyofanywa kuanzia tarehe 6 Aprili 2007 mpaka tarehe 1 Novemba 2024. Ilikadiria kuwa mikataba kama milioni 14 itahusika, na wastani wa fidia ni kama pauni 700 kwa mkataba. Katika pendekezo hilo mteja halipi hata senti. FCA ikaonya kuwa ukimtumia wakili au kampuni ya kudai, unaweza kupoteza zaidi ya asilimia 30 ya fidia yako. Kwenye pauni 700, hizo ni pauni 210 na ziada. Yaani umedhulumiwa na mtu wa kati, halafu unamtafuta mtu wa kati mwengine umgawie kilichorudi! Mwenye kesi ngumu anaweza kuhitaji wakili, simkatazi. Lakini kuandika barua ya malalamiko hakuhitaji wakili.

Fanya hivi. Andika malalamiko kwa kampuni iliyokukopesha: jina lako, anuani uliyokuwa ukiishi wakati ule, mwaka ulionunua gari, namba ya mkataba kama unayo. Uliza maswali matatu: je, muuzaji alilipwa kamisheni? Ilikuwa kiasi gani? Je, alikuwa na uwezo wa kupandisha riba yangu? Kama mkataba umepotea, angalia taarifa za benki za miaka ile, utaliona jina la kampuni iliyokuwa ikikata pesa kila mwezi. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Usiporidhika na jibu la kampuni, iko ofisi ya Financial Ombudsman Service, inayosikiliza malalamiko bila ya malipo. Kama Kiingereza kinakupa tabu, mwambie mwanao au wifi yako akusaidie kuandika. Na mtu asiyejulikana akikupigia kukuambia fidia yako iko tayari, anataka namba zako za benki, kata simu. FCA imeshaonya kuhusu matapeli hao.

Si kila mkopo utakuwa na fidia. Wako walioambiwa kila kitu wakaridhika, na gari ya kukodi tu haimo katika mpango huo. Basi dai kwa ukweli, usiongeze wala usipunguze. Hatuwezi kulalamikia uongo wa wenzetu kwa uongo wetu.

Nanyi mabibi harusi, mlioko visiwani na mlioko mbali, lijue swali hili moja kabla hujatoa pesa ya ukumbi, mapambo, vyombo au nguo: "Wewe unayenipeleka huko, unapata nini?" Liulize kwa adabu, lakini liulize. Mtu safi atakujibu bila ya kukunja uso. Na sisi wenye biashara tusingoje kuulizwa. Mteja wangu nikimpeleka dukani kwa mtu, namwambia nina changu pale, na namwonyesha bei wanayouziwa wengine. Akipenda anunue, asipopenda aende kwengine. Mteja anayejua hivyo hurudi, na huja na dada zake.

Dada uliyeko Uingereza, barua ile ni ukurasa mmoja tu. Iandike wiki hii, inshaallah.

Wabillahi tawfiq.