Mwizi ni mmoja, kwa nini lifungwe soko zima?

Kijana mwenzangu wa Mandewa, unayeshinda kijiweni ukingojea abiria au kibarua, hebu nijibu. Mwizi akiingia sokoni, polisi humsaka mwizi au hufunga soko?

Jibu unalo. Lakini kwenye intaneti wakubwa wetu huchagua kufunga soko. Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima, ikarejea Novemba 3. Bando lako ulilinunua kwa jasho. Kosa lako lilikuwa lipi?

Tusidanganyane, matapeli wapo. Wale wa "tuma kwenye namba hii" wamewaliza wengi, na wapo wanaosambaza picha chafu za watoto. Hao wasakwe na wafungwe. Nani atapinga?

Tunachokataa ni jina la tapeli kutumiwa kumziba mdomo mkosoaji. Chukua Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kifungu cha 16 kinasema ukichapisha kwa makusudi habari ya uongo au ya kupotosha, faini si chini ya shilingi milioni 5, au jela si chini ya miaka 3, au vyote viwili. Aprili 2025, Tundu Lissu, mtoto wa Ikungi hapa jirani, alipofikishwa mahakamani kwa uhaini, aliongezewa na mashtaka ya kuchapisha taarifa za uongo mtandaoni. Maneno yenyewe yalihusu uchaguzi! Ndipo ujue sheria ya matapeli inaweza kufika wapi.

Halafu kuna leseni. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 zilimtaka mwenye blogu alipe jumla ya shilingi milioni 2.1 kwa kuanzia. Kijana wa Mandewa anayetaka kuandika bei ya vitunguu na ubovu wa barabara ya mtaani kwake angezitoa wapi? Tajiri angelipa, mlalahoi anyamaze. Kanuni hizo zimebadilishwa tangu hapo, lakini kamba ya leseni imebaki shingoni. Septemba 6, 2025, TCRA ilisimamisha leseni ya JamiiForums kwa siku 90. Huyo huyo anayetoa leseni ndiye mlalamikaji, ndiye hakimu, ndiye askari jela. Haki iko wapi hapo?

Haya si mapya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Tume ya Jaji Nyalali ilitaja sheria 40 kandamizi, ikiwemo Sheria ya Magazeti ya 1976 iliyompa waziri rungu la kufungia gazeti. Sheria hiyo ilifutwa 2016. Rungu likahamia mtandaoni.

Dawa yake ni rahisi. Anayedai maandishi fulani ni haramu aende mahakamani, athibitishe, jaji aamue. Na asiwepo mtu mwenye mamlaka ya kuzima intaneti ya taifa zima.

Nawe usisambaze uongo, maana utawapa fimbo ya kukuchapia. Soma Ibara ya 18 ya Katiba, inayokupa uhuru wa kutafuta, kupokea na kutoa habari. Kisha mbunge akija Mandewa, usiishie kumpigia makofi. Muulize: kura yako kuhusu sheria hizi ni ipi?